Plani ya HSA yenye didaktibo kubwa au PPO ya bei juu? Tulinganishe kabla hujasaini bima ya kazini huku Marekani

Ikifika Oktoba Novemba hivi ndugu na jamaa wanaanza kunitumia picha za makaratasi ya HR, ile ofisi ya wafanyakazi kazini, wakiuliza swali lile lile, nichukue hii ya bei rahisi au hii ya bei kali? Na wengi wanakuwa wameshaamua nusu, manake wameangalia mstari mmoja tu, ule wa hela inayokatwa kwenye mshahara. Jamani huo mstari peke yake haukwambii kitu. Wapo wanaolipa maelfu ya dola ya ziada kila mwaka kwa sababu ya woga tu, na wapo waliochukua ya bei rahisi alafu wakawa wanaogopa kwenda hospitali mwaka mzima, na hawa wa pili ndo wananiuma zaidi.

Msimamo wangu nausema mapema. Kwa familia nyingi zenye bima ya kazini hesabu inaipa ushindi plani yenye HSA, ile akaunti ya kuweka hela ya matibabu. Lakini kama huna akiba ya kulipa didaktibo, yaani ile hela unayotoa mwenyewe kwanza kabla bima haijaanza kuchangia, mwezi wa kwanza au wa pili wa mwaka, au kuna mtu nyumbani anayekula dawa ghali kila mwezi, chukua PPO, ile plani ya bei juu, na usione haya.

Zenyewe zikoje

PPO inakukata hela nyingi kila mshahara lakini ukienda kwa daktari wa kawaida unatoa kopei, yaani kiasi kilichopangwa kwa kila safari, tuseme dola 30, unatibiwa unaondoka. Didaktibo kwa PPO ni ndogo. Na ukitaka kumwona daktari bingwa kwa kawaida unajipigia simu mwenyewe, huhitaji barua ya mtu.

Ile nyingine inakata kidogo kila mshahara ila didaktibo ni kubwa, kwa mwaka 2026 sheria inataka isipungue dola 1,700 kwa mtu mmoja na 3,400 kwa familia, na kopei ya dola 30 hapo sahau, mpaka umalize didaktibo karibu kila kitu unalipa bei nzima ambayo bima imekubaliana na hospitali. Kwa kubeba huo mzigo unaruhusiwa kufungua HSA, akaunti ya matibabu ambayo hela inaingia kabla ya kodi, inakua bila kodi, na ukiitoa kwa matibabu haikatwi kodi pia (kodi ya serikali kuu hiyo, California na New Jersey wao kodi yao ya jimbo wanakata). Kwa 2026 mwisho ni dola 4,400 ukiwa peke yako na 8,750 kwa familia, ukijumlisha na anachoweka mwajiri. Ni hela yako, ukihama kazi unahama nayo, mwaka ukiisha haifutiki. Usichanganye na FSA, akaunti nyingine ya matibabu ya kazini, ile usipoitumia sehemu kubwa inapotea.

Zote mbili zina kikomo cha hela unayotoa mfukoni kwa mwaka, ukifika hapo bima inabeba yote yaliyobaki ilimradi uko ndani ya mtandao wa hospitali zao na tiba yenyewe wanaikubali. Kwa 2026 sheria inaruhusu kikomo kifike mpaka dola 10,600 kwa mtu mmoja na 21,200 kwa familia, kwa plani za HSA ni 8,500 na 17,000. Hicho kikomo ndo namba ninayoangalia kwanza kabla ya kitu chochote kingine, na ndo ambayo watu hawaigusi kabisa.

Tupige hesabu

Chukua familia ya baba, mama na watoto wawili. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako.

PPO: inakata dola 260 kila wiki mbili, kwa mwaka 6,760. Didaktibo ya familia 2,000, baada ya hapo unachangia asilimia 20, kikomo 8,000.

HSA: inakata 130 kila wiki mbili, kwa mwaka 3,380. Didaktibo 4,000, unachangia asilimia 20, kikomo 9,000, na mwajiri anakuwekea 1,000 kwenye akaunti.

Mwaka wa afya, mmeenda kwa daktari mara sita kwa mafua na masikio ya watoto. PPO ni 6,760 na kopei sita za 30, jumla 6,940. HSA mnalipa labda 150 kila safari, hiyo ni 900, jumlisha 3,380, toa ile 1,000 ya mwajiri, unabaki na 3,280. Tofauti dola 3,660, na hakuna aliyeugua sana.

Mwaka wa kujifungua, bei iliyokubaliwa tuseme ni 15,000. PPO unalipa 2,000 na asilimia 20 ya 13,000 ambayo ni 2,600, ukijumlisha na makato ya mshahara inafika 11,360. HSA unalipa 4,000 na asilimia 20 ya 11,000 ambayo ni 2,200, na makato, toa elfu ya mwajiri, 8,580. Bado HSA iko chini.

Mwaka wa msiba kabisa, ajali au kansa, mmegonga kikomo. PPO 6,760 na 8,000 ni 14,760. HSA 3,380 na 9,000 toa 1,000 ni 11,380.

Umeona? Kwa namba hizi hakuna mwaka hata mmoja ambao PPO inashinda. Na sijagusa kodi bado, ile tofauti ya makato, 3,380, ukiiweka HSA kupitia mshahara na uko kwenye kodi ya asilimia 12, pamoja na ile 7.65 ya Social Security na Medicare unaokoa kama dola 660 nyingine. Kwa hiyo mtu akikwambia PPO ni salama zaidi muulize salama kwa namba zipi, manake kampuni nyingi zimepanga bei hivi kusudi ili watu wahamie kwenye didaktibo kubwa.

Hesabu inapodanganya

Sasa hapa ndo penye moyo wangu. Ile hesabu ya mwaka inadhani hela unayo siku bili inapofika. Mimi namjua dada mmoja, anafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku, anatuma hela nyumbani kila mwezi kwa ajili ya ada za wadogo zake. Alichukua plani ya didaktibo kubwa kwa sababu mshahara unabaki mkubwa kidogo. Akaunti ya HSA alifungua lakini haikuwahi kuwa na kitu, ile tofauti ya mshahara ilikuwa inaishia kwenye kodi ya nyumba na Western Union. Presha ikaanza kumsumbua, akawa anakata vidonge katikati kwa kisu cha jikoni ili chupa ya mwezi imalize miezi miwili, na miadi ya daktari akawa anaisogeza mbele, anasema nitaenda nikipata. Mtu ana bima, anakatwa kila wiki mbili, ana kadi kwenye pochi, na anajitibu nusu dozi! Sio ujinga wake, plani yenyewe imetengenezwa imwambie kila safari ya hospitali ni dola 150 kutoka mfukoni kwako, fikiria tena.

Na hili limepimwa zamani. RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walifanya jaribio kubwa la bima miaka ya 1970 mpaka mwanzoni mwa 80, familia zikagawiwa plani tofauti, wengine bure, wengine wanachangia. Waliochangia walipunguza kwenda hospitali, ndio, lakini walipunguza matibabu ya lazima sawasawa na yale yasiyo ya lazima. Mgonjwa sio daktari, hawezi kujua maumivu haya ya kifua ni ya gesi au ya moyo, alafu tunamwachia aamue kwa kuangalia salio la benki. Wanaotetea didaktibo kubwa wanasema itatufanya tuwe wateja wajanja tunaotafuta bei nzuri, sawa, kwa miwani labda, sio mtoto ana degedege saa nane usiku.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza wala sio afya yako. Ni hivi: Februari hii wakikuletea bili ya didaktibo nzima unaweza kuilipa, au angalau nusu, na nusu nyingine kwa mafungu, bila kukopa? Kama ndio, HSA. Kama hapana, ile PPO ghali inakununulia kitu kimoja cha maana, uwezo wa kwenda kwa daktari kwa dola 30 bila kujifikiria, na hicho kwa mtu mwenye presha au sukari kina thamani kuliko namba zinavyoonyesha.

PPO inaposhinda hata kwenye karatasi

Chukua mtu mmoja, PPO inakata 90 kila wiki mbili (2,340 kwa mwaka), HSA inakata 55 (1,430), mwajiri haweki hata senti, didaktibo 3,300 na baada ya hapo asilimia 20. Ana dawa ya dola 400 kwa mwezi. Kwenye PPO anatoa kopei ya 40, mwaka mzima 480, jumla 2,820. Kwenye HSA analipa 400 nzima miezi nane na kitu mpaka amalize 3,300, alafu 300 nyingine kwa miezi iliyobaki, jumla 5,030. Hapo PPO imemwokolea dola 2,210, wala haihitaji mjadala. Ila kabla hujaamua uliza HR kama plani ya HSA inalipia dawa za magonjwa sugu kabla ya didaktibo, tangu 2019 mamlaka ya kodi, IRS, imeruhusu hilo kwa vitu kama insulini na dawa za kolestro, plani nyingine zimefanya nyingine hazijafanya.

Mtego mwingine ni didaktibo ya familia. Kwenye plani nyingi za HSA haigawanywi kwa kichwa, yaani mtoto mmoja akiumwa peke yake inabidi afikishe ile 4,000 ya familia nzima ndo bima ianze kuchangia. Kwenye PPO mara nyingi kila mtu ana yake ndogo. Na kwenye zote mbili, kwa kawaida Januari mosi didaktibo inaanza upya sifuri, kwa hiyo operesheni inayoweza kusubiri ukiwa umeshamaliza didaktibo mwezi wa tisa usiisogeze mwakani.

Bili zenyewe zinavyokuja

Mwanangu aliumia kifundo cha mguu mpirani tukapiga eksirei. Baadae ikaja karatasi ya bima, ile EOB, imeandikwa wazi kwamba hii sio bili. Mstari wa kwanza hospitali inadai dola 1,140. Wa pili punguzo la bima, 828. Wa tatu bima imelipa, sifuri. Wa mwisho unadaiwa 312. Tukalipa tukidhani yameisha, ikaja nyingine kutoka kwa daktari aliyesoma ile picha, ambaye hatukumwona hata kwa macho, na yeye anadai yake. Hii sio kosa ndivyo inavyofanya kazi, jengo lina bili yake na daktari ana yake. Nakwambia hivi ili ujue kwamba plani yoyote unayochagua, usilipe kitu mpaka EOB na bili vifanane, na ukiona tofauti piga simu uombe bili iliyochanganuliwa mstari kwa mstari.

Vitu ambavyo ni sawa pande zote: chanjo, kupima presha, mamogramu, kipimo cha utumbo mpana kuanzia miaka 45, hivi ndani ya mtandao ni bure kwa mujibu wa sheria ya 2010, hata didaktibo haiguswi. Ukiwa kwenye hiyo safari ya bure ukaanzisha habari ya mgongo wanaweza kuandika kama matibabu, hilo jiandae. Emajensi nayo, tangu Januari 2022 hawaruhusiwi kukubambika bei ya nje ya mtandao kwa sababu tu ambulensi ilikupeleka hospitali isiyo yao. Ila ambulensi yenyewe ya barabarani haimo kwenye hiyo sheria, ile ya ndege imo, ya magurudumu haimo, na watu wanapata bili za kutisha kwa safari ya maili chache.

Kwanini bei haishuki hata siku moja

Kwa 2025 bima ya familia ya kazini kwa wastani ilifika karibu dola 27,000 kwa mwaka, mfanyakazi akikatwa 6,850 hivi na mwajiri akilipa iliyobaki. Watu wanadhani ile ya mwajiri ni zawadi. Ni mshahara wako ule, umepitia mlango mwingine. Mambo haya yalianza wakati wa vita, 1942 serikali ilizuia mishahara kupanda, kampuni zikaanza kuvuta wafanyakazi kwa bima, alafu sheria ya kodi ya 1954 ikapigilia msumari kwamba hela hiyo haikatwi kodi. Tangu hapo afya ya mtu imefungwa kwenye kazi yake, ukifukuzwa unaambiwa uendelee na COBRA, bima ile ile lakini unalipa asilimia 102 ya bei nzima, miezi 18, wakati huna mshahara.

Na motisha zote zinavuta upande mmoja. Sheria inaitaka bima kubwa ya kazini itumie angalau senti 85 za kila dola ya primiamu, yaani bei ya bima yenyewe, kwenye matibabu, kwa bima za watu binafsi ni 80. Nia ilikuwa nzuri, lakini ukishambana mtu asilimia yake njia iliyobaki ya kuongeza faida ni jumla yenyewe iwe kubwa, kwa hiyo kampuni ya bima haina haraka sana ya kubishana na hospitali kuhusu bei. Kwenye dawa ndo kabisa, kampuni tatu, CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, zinapitisha takriban asilimia 80 ya dawa za kuandikiwa nchi nzima na kila moja iko ndani ya kundi moja na kampuni kubwa ya bima. Wanapata marejesho, yaani sehemu ya bei inayorudishwa, kutoka kwa watengenezaji, na wewe mwenye didaktibo kubwa kwenye dirisha la famasi mara nyingi unalipa kwa bei ya juu kabla ya marejesho. Ndo maana nawaambia watu wa HSA waulize pia bei ya keshi, au waangalie Cost Plus Drugs, famasi ya mtandaoni, kuna dawa za jeneriki huko ni rahisi kuliko kupitia kadi ya bima, japo hela hiyo huenda isihesabiwe kwenye didaktibo.

HSA na nyumbani

Hili naulizwa sana. Ukienda likizo Dar au Nairobi ukatibiwa jino au ukalazwa, HSA inaweza kulipia, ilimradi ni tiba halali na umetunza risiti, hata kama umelipa kwa shilingi. Kinachokatazwa kwa kawaida ni kuagiza dawa kutoka nje zije Marekani. Lakini kumlipia mama yako operesheni akiwa Tanzania, hapana, akaunti inamhusu wewe, mume au mke, na wategemezi wako kwa sheria za kodi za huku, na mzazi anayeishi Afrika ambaye sio raia wa Marekani haingii. Ukiitoa kwa jambo lisilo matibabu kabla ya miaka 65 unalipa kodi na faini ya asilimia 20 juu. Najua inauma manake wengi wetu bili kubwa za hospitali tunazolipa ziko kwa wazazi, kwa hiyo usijaze HSA mpaka ukakosa akiba ya kawaida ya kuwatumia.

Nje ya hizo mbili

HMO, plani inayokubakiza kwenye madaktari na hospitali zake, kama ya Kaiser ni nzuri ukiwa unaishi karibu na hospitali zao na hujali kuanzia kwa daktari mmoja kila mara. Plani za muda mfupi zinazouzwa kwa simu zikae mbali nawe, zinaruhusiwa kukataa ugonjwa uliokuwa nao tangu zamani. Kama kazini hawatoi bima, ingia HealthCare.gov, soko la bima la serikali, kuanzia Novemba 1, ila ujue ile ruzuku iliyoongezwa 2021 iliwekewa mwisho wa 2025 na makato yamepanda kwa wengi. Ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi, wa Kongo hasa, fuatilieni karatasi zenu za green card mapema, sheria ya Julai 2025 inabana Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa wakimbizi kuanzia Oktoba 2026 na ruzuku ya soko kuanzia 2027.

Wakikukatalia

Kwenye plani za HealthCare.gov mwaka 2023 karibu klemu, yaani dai la malipo, moja kati ya tano za ndani ya mtandao ilikataliwa, na waliokata rufaa hawakufika hata asilimia moja. Wanategemea unyamaze! Una siku 180 za kukata rufaa kwao wenyewe, wakikataa tena unaomba mtu wa nje aangalie, una miezi minne. Mwombe daktari aandike barua, na kila simu andika jina la uliyeongea naye. Kama bili ni ya hospitali isiyo ya kibiashara, na ziko nyingi sana, sheria inaidai iwe na mpango wa msaada kwa wenye kipato kidogo, unaweza kuomba mpaka siku 240 tangu bili ya kwanza, na hospitali nyingi zinawapokea hata wenye bima.

Sasa kabla hujabonyeza kitufe mwandikie HR haya: mwajiri anaweka kiasi gani HSA na anaweka Januari yote au kidogo kidogo, didaktibo ya familia ni ya kila mtu au ya wote kwa pamoja, dawa yangu hii iko daraja gani la bei kwenye kila plani, na daktari wetu wa watoto yuko ndani ya mtandao wa zote mbili? Omba wakujibu kwa maandishi, na ukimwona HR anazungusha piga namba ya nyuma ya kadi, ukihitaji Kiswahili sema tu, wengi wana huduma ya mkalimani kwa simu na hulipii chochote.